Mkuu wa Mafuriko, Jengo Namba 14

Jumapili, 22 Novemba 2015

Zamu imeanza saa kumi na mbili asubuhi. Jua kali. Hakuna wingu hata la kusingizia. Lakini ujumbe mmoja umeingia kwenye WhatsApp yangu mara nne, kutoka kwa watu wanne: dhoruba inakuja katikati ya wiki. Upepo, ngurumo, mvua ya siku nzima. Doha! Mji ambao mwavuli ni wa kujikinga na jua!

Habari ya pili ni nzito zaidi. Supavaiza wetu anarudi kwao mwisho wa mwezi. Mudir, yaani meneja wa kampuni, atachagua mrithi kati ya walinzi wa hapa Fereej Bin Mahmoud. Wanaofaa ni wawili. Mimi, Gerishon, zamu ya mchana, Jengo Namba 14, miaka mitatu bila doa (lile jambo la lifti halikuthibitishwa). Na Arnold, Mganda, zamu ya usiku, mtu asiye na sifa yoyote isipokuwa kufika mapema.

Nimeziunganisha habari hizo mbili hapo hapo mezani. Nani katika mtaa huu amezaliwa Budalang'i? Mimi peke yangu. Nani ameona Mto Nzoia ukiingia nyumbani bila kubisha hodi? Mimi! Kweli nilikuwa na miaka minne na nilibebwa mgongoni. Lakini nilikuwepo.

Nimeandika kwenye OB, kile kitabu cha matukio ya zamu, kwa herufi kubwa: KUANZIA LEO MLINZI GERISHON NDIYE MKUU WA MAFURIKO, JENGO NAMBA 14. Arnold alipoingia jioni akasoma, akaandika chini yake: "Bomba la paa halipitishi maji vizuri. Lisafishwe." Basi. Hata hongera hakusema.

Wivu ni ugonjwa.

Jumatatu, 23 Novemba

Nimepita mlango kwa mlango kukusanya maoni ya wakazi. Kiongozi lazima awajue watu wake.

Mzee Yusri wa ghorofa ya chini, Mmisri, mwalimu wa hesabu: anasema hakuna mvua ya kweli tena duniani. Ni ndege zinazomwaga chumvi mawinguni. Ikinyesha hatatoka nje, hataki chumvi kichwani. (Kichwa chenyewe hakina nywele. Sikusema.)

Proscovia wa ghorofa ya nne, mpishi wa familia moja ya Kilebanoni: ni baraka tupu. Ameiombea kwa siku tatu, na saumu juu. Amepanga mabeseni sita kwenye kibaraza ili apate maji ya kuoshea nywele, maana maji ya bomba ya huku yanazikausha kama majani.

Kiprop, ambaye tunalala naye chumba kimoja huku nyuma ya jengo, dereva wa basi la wafanyakazi: alicheka mpaka chai ikamtokea puani. Anasema hiyo wanayoiita dhoruba, kwao Kericho inaitwa umande, na watoto wanaenda nayo shule.

Kisha Nafula. Ghorofa ya tatu. Nesi wa wodi ya kujifungulia. Kabla ya kubisha nilichana nywele na kufuta viatu. Nikamwambia, Sista, wewe zaidi ya wote utanielewa, maana jina lako ni la mtoto aliyezaliwa wakati wa mvua. Akaniambia alizaliwa Januari, vumbi tupu, na jina ni la bibi yake. Halafu akauliza maswali mawili: katika mji usio na mitaro, maji yataelekea wapi? Na je, paa limesafishwa? Nimeandika: "Ghorofa ya tatu: ana hofu. Atulizwe."

Jumla: watu wanne, maoni manne, hakuna hata moja la maana.

Mchana nimeomba magunia matupu ya mchele kwenye ule mkahawa wa biriani wa ng'ambo. Wamenipa arobaini. Nimeyaweka juu ya paa. Ufunguo wa paa uko ndani ya soksi yangu, mguu wa kulia. Siri ya kijeshi.

Jumanne, 24 Novemba

Mchanga! Ungedhani jangwani mchanga ni wa bure. Jaribu kuutafuta. Kila kipande kimewekwa lami au ua. Msimamizi wa ujenzi amenifukuza na koleo langu. Mwisho nimeupata kwenye ule uwanja wa kuegesha magari nyuma ya duka la simu. Magunia ishirini na mawili! Mgongo umelia kama mlango. Kumi na nane yamebaki matupu huko paani. Nilikusudia kuyafunga pamoja. Nimechoka. Hayaendi popote.

Pia nimejenga chombo. Madumu kumi na mawili ya maji ya kunywa, yale makubwa, chini ya mlango wa zamani, yote yamefungwa kwa kamba ya kuanikia nguo. Nimekiita MV Nzoia. Nimekijaribu paani kwa kukikalia. Hakikuzama.

Arnold amekuja mapema, kama kawaida yake ya kujionyesha. "Ssebo," akaniambia, yaani bwana kwa Kiganda, kwa ile sauti yake ya kanisani, "nipe ufunguo wa paa, nilizibue lile bomba kabla ya giza." Nimemjibu kwamba paa sasa ni eneo la operesheni. Akaenda kuandika kwenye OB. Bomba, tena! Safari hii amepiga mstari chini. Mtu huyu hana ubunifu kabisa.

Nimempigia mudir mwenyewe. Nimemwalika akague maandalizi yetu kesho saa tatu asubuhi. Amekubali! Kesho saa hizi nitakuwa supavaiza.

Jumatano, 25 Novemba

Ninaandika nikiwa nimekaa kwenye ngazi. Viti vyote vimelowa. Nitaeleza kwa utaratibu, kama shahidi.

Saa kumi na moja na nusu alfajiri: ngurumo. Si umande wa Kericho. Mbingu imepasuka! Kufika saa moja barabara ilikuwa chai ya maziwa inayotembea. Shule zimefungwa. Magari yamezimika katikati ya njia, wenyewe wamekaa juu ya boneti wakipiga simu. Na mimi nilikuwa tayari. Magunia ishirini na mawili ndani ya mlango mkuu, safu mbili, nailoni katikati. Hakuna tone lililopita! Nilikunja mikono. Mzee Yusri akatoka na pajama, akachungulia nje, akasema ndiyo, hiyo ni chumvi. Proscovia alisikika akiimba mapambio mpaka ghorofa ya chini. Kiprop alikuwa ameshaondoka na basi lake, akicheka.

Saa mbili hivi nilihisi ubaridi kwenye viatu. Nikakagua magunia. Makavu! Nikageuka. Maji yalikuwa yanatoka nyuma yangu. Yalikuwa yanashuka ngazi, daraja moja moja, kwa adabu, kama mgeni anayeijua nyumba. Yanatoka paani! Na hayakuweza kutoka nje, kwa sababu ya magunia. Lazima niseme magunia yale yalipangwa vizuri sana.

Arnold alikuwa bado yupo, maana hakukuwa na usafiri wa kumrudisha kwake. Akasema tuondoe magunia. Nikamweleza kwamba kamanda haondoi ngome katikati ya vita. Maji yakafika kwenye vifundo. Yakafika kwenye ugoko. Ndara za Mzee Yusri zikapita mbele yangu zikielea, halafu Mzee Yusri mwenyewe akizifuata, akiniita majina ya Kiarabu ambayo sikufundishwa kazini. Arnold akaomba ufunguo wa paa. Nikasema uko kwenye soksi. Soksi ilikuwa chini ya maji. Akainama, akanivua kiatu bila kuniuliza, akauchukua, akapanda ngazi mbio.

Saa tatu kamili. Mudir! Kwa siku kama hii, amefika kwa wakati! Suruali imekunjwa, viatu mkononi. Nje maji yalikuwa yamemfika kwenye vifundo. Ndani yalikuwa yamenifika magotini. Alituona kupitia kioo. Nikampigia saluti. Akavuta mlango, akauliza hiki ni nini, akasukuma gunia moja kwa mguu. Moja tu.

Vyote vikatoka. Maji, magunia, kiti cha wageni, ndara za Mzee Yusri kwa mara ya pili, na mimi. Mudir alikaa barabarani bila kupenda. Mimi nikatua juu yake. Kwa kuwa nilikuwa karibu nikampigia saluti nyingine.

Hapo ndipo Arnold alishuka akiwa amelowa mpaka kwenye nyusi, na kitu mkononi. Gunia la mchele. Tupu, limesokotwa kama nguo iliyokamuliwa. Amelitoa kwenye mdomo wa lile bomba la paa. Anasema upepo umeyapeperusha, mengine matatu yalikuwa nyuma yake, na sasa maji yanashuka kwenye bomba inavyotakiwa. Mudir akauliza magunia hayo yalifikaje huko. Nikasema uchunguzi utaanza mara moja.

Mudir alikuwa anatafuta kiatu.

Lakini siku haikuishia hapo. Mvua ilirudi kwa nguvu mpya, na saa tatu na nusu Nafula akashuka akiwa na sare ya kazi na begi mgongoni. Uso wake haukuwa wa utani. Mwenzake yuko wodini tangu jana jioni, hajapata wa kumpokea. Kina mama wawili wanakaribia kujifungua. Teksi zote zimekataa. Kiprop amempigia: basi lake limefika barabara kubwa na linaweza kwenda hospitali, lakini haliwezi kuingia mtaani kwetu, magari yaliyozimika yameziba njia. Kutoka mlangoni mpaka kwa Kiprop ni kama mita mia nne za maji.

Moyo wangu uliruka. MV Nzoia!

Nilikishusha kutoka paani. Kilikwama ghorofa ya pili, nikakisukuma kwa kichwa. Nikakiweka mtaani mbele yake. "Sista, panda," nikamwambia. Akakitazama chombo. Akanitazama mimi. Akakunja suruali, akaanza kutembea. Maji yalimfika chini kidogo ya magoti.

Nikapanda peke yangu, nikamfuata nyuma kwa ajili ya usalama wake. Hatua kama kumi hivi. Chombo kikagonga ukingo wa barabara. Mguu wangu ukateleza kati ya dumu na dumu, kamba ikakaza. Sikuweza kushuka. Sikuweza kuendelea. Nikaanza kuzunguka polepole, kama kuku kwenye jiko la ule mkahawa. Nikapiga kelele. Si kelele za woga. Kelele za taarifa.

Nafula akageuka. "Jameni, Gerishon," akasema. Kisha: "Gerishon, jameni." Akatazama saa. Nilimwona akitaka kuniacha, na nisingemlaumu, kuna mama analia mahali fulani akimsubiri. Halafu akarudi. Akaokota mwisho wa kamba, akauweka begani, akaanza kunivuta.

Mita mia nne. Madirisha yote yalifunguka. Simu zikatoka. Niliwapungia mkono, maana kukaa kimya kungeonekana vibaya.

Kiprop alikata kamba kwa kisu. Hakucheka. Alikuwa na maji kwenye viatu na hakutaja Kericho hata kidogo. Nafula akapanda, basi likaondoka likirusha maji pande zote mbili. Nilibaki nimesimama na mlango na madumu kumi na moja. Moja limeenda zake kuelekea baharini.

Ujumbe wake umeingia jioni hii: alifika saa tano, watoto wote wawili wamezaliwa salama. Wa kiume ameitwa Matar. Kwa Kiarabu, mvua. Nimesoma ujumbe huo mara tatu.

Alhamisi, 26 Novemba

Jua. Eti jua! Kama hakuna kilichotokea.

Video imesambaa. "NESI AMWOKOA MLINZI DOHA." Sekunde arobaini. Mtu ameiwekea muziki wa tarumbeta.

Mama amepiga simu kutoka Budalang'i saa mbili asubuhi. Video imefika huko jana kabla ya chai ya jioni. Kanisani wamekesha wakiniombea, wakidhani ninapelekwa na maji. "Mwanangu," akalia, "yamekufuata mpaka jangwani?" Nimemweleza kwamba nilikuwa kazini, nikisimamia. Halafu akauliza huyo msichana mwenye mabega mazuri hivyo ni wa nani, kwao ni wapi, na kama amekula. Nimemwambia mtandao ni mbaya, nikakata.

Ungedhani sasa wakazi watakuwa na maoni mamoja. Wapi! Mzee Yusri ameyaonja maji ya sebuleni kwake, anasema ni chumvi, yamethibitika. Proscovia ameosha nywele, anasema hazijawahi kuwa laini hivi, kwa hiyo ilikuwa baraka. Kiprop anasema yeye bado anaingoja mvua yenyewe. Viatu vyake viko dirishani vinakauka. Wamebishana lifti nzima, kutoka juu mpaka chini, na hakuna aliyehama hata ghorofa moja.

Nafula amelala kwa saa kumi na nne mfululizo.

Ijumaa, 27 Novemba

Siku yangu ya mapumziko. Nilikusudia kwenda kanisani Mesaimeer, maana huku ibada ni Ijumaa, kutoa ushuhuda wangu. Nilikuwa nimeshaandika kurasa tatu. Lakini nilipopita kwenye korido nikamkuta Mzee Yusri amekaa sakafuni kwake na albamu ya picha iliyolowa. Mkewe. Alifariki Iskandaria mwaka juzi. Picha zimegandana, na alikuwa anaogopa kuzibandua asije akamchana uso.

Kurasa zangu tatu nikazikunja mfukoni. Nikavua viatu, nikaingia.

Arnold alikuwa ameshafika (mapema!) na ndoo na matambara. Tumefanya kazi naye mpaka saa tisa. Tumetoa zulia, tumeinua kochi, tumepiga deki mara nne. Nilileta kamba ya nguo iliyobaki, tukaifunga kutoka dirishani mpaka mlangoni. Arnold ana vidole vyepesi. Alizibandua picha moja baada ya nyingine kwa maji ya uvuguvugu, na mimi nikazibana kwa vibanio. Thelathini na moja. Mbili tu ndizo zimeharibika, na moja kati ya hizo ni ya ngamia.

Nikamwambia mzee pole. Nikamwambia magunia yalikuwa yangu. Akasema anajua, mtaa mzima unajua, nishike kibanio vizuri.

Arnold akanigawia nusu ya chapati yake bila kutazama upande wangu. Nilihisi kitu kifuani. Labda njaa.

Jumapili, 29 Novemba

Mudir ameniita ofisini. Amevaa viatu vipya.

Supavaiza ni Arnold.

Mimi nahamishwa. Al Thumama, karibu na uwanja wa ndege. Jengo jipya, ghorofa sita, bado halijapata mpangaji hata mmoja. Mudir amesema maneno haya taratibu ili niyashike: "Hakuna mtu huko, Gerishon. Kaa. Tazama mlango. Usifanye kitu."

Arnold alinisubiri nje. Kumbe barua ya kunirudisha Kenya ilikuwa imeshachapwa, na yeye ndiye aliyemwomba mudir aichane. Akasema Mzee Yusri pia alipiga simu, na Sista Nafula pia. "Ssebo, una moyo mzuri," akaniambia. "Ila huo moyo uwe unauliza kwanza."

Nimemshika mkono. Nilitaka kumshukuru sawasawa, nikajikuta nikimpigia saluti. Nimeyapima maneno yake njia nzima mpaka nyumbani. Nimefikia uamuzi. Ananiogopa.

Nafula amenisaidia kubeba sanduku mpaka kwenye basi la Kiprop. Nimemwambia mama anamsalimu sana. Amecheka, akasema nimsalimie pia, na mama amwambie mwanawe apunguze kilo. Apunguze kilo! Mwanamke haangalii uzito wa mtu asiyemjali. Nimeandika tarehe.

Jumanne, 1 Desemba 2015

Al Thumama. Siku ya pili kazini.

Jengo zuri. Linanuka rangi. Kimya mpaka unasikia jokofu likifikiri. Ndege zinapita juu kila baada ya dakika chache, nazihesabu na kuzipigia saluti. Wapangaji wa kwanza wanahamia kesho asubuhi, familia tisa kwa mpigo. Mudir atakuwepo kuwapokea. Pamoja na mwenye jengo!

Nimekaa. Nimetazama mlango. Sikufanya kitu. Nimefanya hivyo kwa saa nne nzima, na ninaamini nimeshaonyesha kwamba ninaweza.

Kisha nikashuka chumba cha chini kukagua. Kuna tangi la maji kubwa kama basi, mabomba mengi mekundu yanayopanda mpaka kwenye dari za ghorofa zote, na ukutani kuna gurudumu kubwa, jekundu pia, limefungwa kwa mnyororo mwembamba. Pembeni kuna maandishi ya Kiarabu na picha ya mkono uliopigiwa mstari. Hakuna wa kuuliza. Mtu wa kawaida angeliacha. Lakini mgeni akija kesho akaniuliza gurudumu hili ni la nini, nitajibu nini? Mlinzi asiyejua jengo lake!

Mnyororo umetoka kwa urahisi. Nimeligeuza nusu. Kitu fulani kimeguna ndani ya ukuta, kikatulia. Hakuna kilichotokea.

Kesho mudir akifika na mwenye jengo, nitaligeuza lote mbele yao.